Shukrani na Tumaini kwa Mungu katika Maisha ya Mkristo wa Uluguru

Mtu ashikaye njia ya Kinole au ya Matombo alfajiri hukutana na akina mama wateremkao kutoka milimani, mikungu ya ndizi vichwani, wakiwahi magari yaendayo Morogoro mjini. Salamu huanza kabla watu hawajakaribiana. "Habari za huko mtokako?" "Njema, tunamshukuru Mungu." Baada ya jibu hilo ndipo habari zenyewe hufuata: mtoto mdogo ana homa tangu juzi, mvua ya vuli imepita bila kunyesha vya kutosha, nguruwe mwitu wameingia katika mihogo, na bei ya ndizi mjini imeshuka. Kisha mama huyo huweka sawa mzigo wake na kwenda zake, akiwa ametanguliza shukrani na kuacha malalamiko yafuate nyuma.

Jibu hili twalisikia kila siku, nasi wenyewe twalitumia bila kufikiri. Madhumuni ya makala haya ni kulifikiri. Je, mtu aliyepungukiwa anapomshukuru Mungu, asema kweli au atimiza adabu ya salamu tu? Na iwapo asema kweli, anashukuru kwa lipi? Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Ni swali la utamaduni wa taifa, kwa kuwa namna watu wanavyoshukuru na kutumaini ndiyo inayoonyesha yapi wako tayari kuyavumilia na yapi watayakataa. Twaliuliza kwa habari ya Wakristo wa Uluguru kwa sababu hao ndio tunaowajua zaidi. Hatudhani hata kidogo kwamba jirani zao Waislamu, ambao mara nyingi ni wa ukoo mmoja nao na hula nao chungu kimoja, hawana la kusema juu yake. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala, nao umetokana na utenzi uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu Mkristo wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga. Hata hivyo Mtanzania wa dini yoyote huusimamia wima na kuuimba kama wake.

Yafaa tuanze na maneno. Kushukuru tumelipokea kutoka Kiarabu, na asante pia, ambalo asili yake ni kumwambia mtu kwamba ametenda vyema. Kwa hiyo asante ni hukumu: mwenye kuitamka amekwisha kulipima tendo na kuliona jema. Jambo hili tutalirudia, kwamba mtu hawezi kutoa asante ya kweli juu ya tendo ambalo hajalipima. Neno la pili ni imani. Katika Kiswahili imani, kuamini, mwaminifu, amana na amani ni watoto wa mzizi mmoja. Amana ni kitu anachowekewa mtu akitunze, nacho si chake. Mwenye kuiweka amana amemwamini mwenye kuwekewa. Mahubiri mengi huzungumza juu ya mtu kumwamini Mungu; lugha yetu yatukumbusha upande wa pili usiotajwa sana, yaani kwamba Mungu naye amemwamini mtu, akamwachia vitu mkononi.

Waluguru walikuwa na wazo la namna hii kabla hawajaisikia Injili. Ardhi ya Uluguru kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa upande wa mama. Mkuu wa ukoo hugawa mashamba kwa watu wake, lakini hawezi kusema kwamba mlima ni mali yake. Ameupokea kwa waliotangulia, na lazima aukabidhi kwa watakaokuja. Jina la mkuu lenyewe hurithiwa. Kingalu wa Kinole, mwenye sifa kubwa ya mvua, si mtu mmoja aliyeishi zamani. Ni jina lililovikwa watu wengi kwa zamu, kila mmoja akiwa mtunzaji wa heshima asiyoianzisha yeye. Juu ya wote hao alikuwako Mulungu, ambaye jina lake Wakristo wa huko wameendelea kulitumia, na kati yake na watu walikuwamo wazee waliokufa, ambao kwao hufanyika matambiko.

Wamisionari wengi waliyaona matambiko kuwa ni hofu tupu. Sisi twadhani walikosea, au tuseme waliona nusu. Ni kweli kwamba hofu ilikuwamo. Watu wa Uluguru na hata Wazaramo walikwenda na sadaka zao kwenye pango la Kolelo katika milima hii kuomba mvua na uzazi, na habari za Kolelo zikachanganyika hata na habari za maji ya vita vya 1905. Lakini katika tambiko la nyumbani mzee wa ukoo husema na wahenga kama mtu asemavyo na wazazi wake: husalimu, hueleza shida, hushukuru kwa mavuno yaliyopatikana, na pengine hulaumu. Huwauliza kwa nini wamewasahau watoto wao. Shukrani na lawama hutoka katika kinywa kimoja, siku moja, mbele ya pombe ile ile iliyomwagwa chini. Hakuna aliyeona kwamba kulaumu ni kukosa imani. Alaumuye amekubali kwamba yuko anayemsikia.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni ya Mhonda mwaka 1877 na ya Morogoro mwaka 1882, miaka ishirini na mitano kabla reli ya kutoka Dar es Salaam haijafika mjini hapo mwaka 1907. Kutoka hapo Ukristo ulipanda milima mpaka Matombo na Mgeta. Hatuna nia ya kuandika historia hiyo. Linalotuhusu ni kwamba Mkristo wa Kiluguru alifundishwa sala nzuri za kuomba na za kushukuru, ila hakufundishwa, au alifundishwa kwa nadra, sala ya kulalamika, ingawa Zaburi zimejaa malalamiko tele. Ile sehemu ya tambiko iliyokuwa ya lawama ikakosa mahali pa kukaa ndani ya kanisa. Ikahamia kwingine, kama tutakavyoona.

Wako wanaodai kwamba kumtumaini Mungu kumewalemaza watu wetu. Husema: mkulima anayengoja baraka hataweka mbolea, na mgonjwa anayengoja muujiza hatakwenda hospitali. Madai haya yana umri mrefu, na methali zetu zenyewe zimegawanyika juu yake. Upande mmoja twaambiwa kwamba jitihada haiondoi kudura; upande wa pili twaonywa kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Anayetaka kumtetea mvivu atapata methali, na anayetaka kumchapa mvivu atapata methali vilevile. Kwa upande wetu hatujapata kumwona Mluguru aliyeacha kulima kwa sababu ya kumtumaini Mungu. Mwenye kulima mteremko mkali namna ile, ambako jembe likiteleza hufika bondeni kabla ya mwenyewe, hafundishwi kazi na mtu. Apandapo mahindi humtumaini Mungu kwa mvua tu, na mvua kweli haimo katika uwezo wake.

Wala haikuwa kweli kwamba watu hawa walikubali kila walichoambiwa. Serikali ya kikoloni ilipoleta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, kuanzia mwaka 1950, na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, walichimba kwa shingo upande, wakaona kwamba udongo wa juu unafukiwa na mavuno hayaongezeki, wakakataa. Mwezi Julai 1955 pakatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa na polisi, na mpango ukafa. Kumbe huko Mgeta, ambako matuta yalifaa kwa mboga za kumwagilia maji, watu wameendelea kuyatumia matuta bila kusukumwa na mtu. Watu wale wale waliokwenda kanisani Jumapili na kushukuru ndio walioukataa mpango ule Jumatatu. Walikuwa wamelipima tendo na kuliona si jema.

Kwa hiyo lawama ya ulemavu twaikataa. Iko lawama nyingine iliyo nzito zaidi, nayo hatuwezi kuikataa kwa urahisi. Ni hii, kwamba shukrani yetu mara nyingine huficha kosa la mtu kwa kulitia katika mikono ya Mungu. Kwenye kila msiba twasikia maneno haya: "Kazi ya Mungu haina makosa." Maneno yana faraja kubwa kwa aliyefiwa na mzee wa miaka tisini. Lakini hutamkwa vilevile mbele ya jeneza la kijana aliyekufa kwa sababu dereva alikuwa amelewa, na la mtoto aliyekufa kwa kukosa dawa ambayo ilikwisha kununuliwa. Hapo Mungu huwa amebebeshwa mzigo ambao si wake.

Na tusimulie jambo tulilolishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wageni katika kijiji kimoja cha upande wa mashariki wa milima. Jina lake tutaliacha, kwa kuwa yaliyotokea hapo yangeweza kutokea katika vijiji vingi. Ilikuwa masika. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu usiku, mkunga wa kijiji akaona damu inazidi, akaamuru apelekwe kituo cha afya. Vijana wanane wakamweka kwenye machela, wakateremka naye gizani katika utelezi, wakipokezana. Walipofika mtoni wakakuta magogo yaliyokuwa yakitumika kama daraja yamechukuliwa na maji. Wakangoja maji yapungue. Mtoto alizaliwa pale pale ukingoni, chini ya turubai, akiwa mzima. Mama yake alikata roho kulipopambazuka, kituo cha afya kikiwa ng'ambo, umbali wa kupigiana kelele watu wakasikizana.

Sasa jambo ambalo kila mtu kijijini alilijua ni hili: mwaka uliotangulia watu walikuwa wamechangishwa fedha za daraja. Kila nyumba ilitoa. Daraja halikujengwa, na fedha hazikuonekana.

Siku ya mazishi katekista, mtu mwema tunayemheshimu, alisema maneno yale yale, kwamba kazi ya Mungu haina makosa na yatupasa kushukuru kwa yote. Watu wakaitikia. Sisi pia tuliitikia. Jeneza likainuliwa kuelekea makaburini, na hapo akatokea mwanamke mzee wa ukoo ulio watani wa marehemu. Wasomaji wasiozijua mila za huko wafahamu kwamba mtani ana kazi yake msibani: huhudumu, huzika, hufanya mzaha hata na maiti, huweza kulala kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Bibi huyo alikuwa amevaa suruali kuukuu ya kiume na kofia ya askari. Akalaza mti kuvuka njia, akazuia jeneza, akasema kwa sauti: "Lipeni nauli ya daraja!" Watu wakacheka kama ilivyo desturi. Mmoja akamtupia sarafu. Akaitazama, akaitupa, akasema: "Hii haitoshi. Sisi tulitoa nyingi zaidi. Mnasema Mungu amemchukua. Mungu alimngoja ng'ambo ya mto na muuguzi wake, nyinyi ndio hamkumvusha. Mungu hakula michango."

Kicheko kilikatika. Mti uliendelea kulala njiani kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana, kisha yeye mwenyewe akauondoa, akatangulia mbele ya jeneza akilia.

Tumelifikiri tendo hilo mara nyingi. Sala ya lawama, ambayo kanisa halikuipa nafasi, ilikuwa imehifadhiwa na utani. Na yule bibi, aliyeonekana kuichezea ibada, ndiye aliyemtetea Mungu siku ile kuliko sote tuliokuwa tumeinamisha vichwa. Kumshukuru Mungu kwa kifo kile kungekuwa kumsingizia.

Maandiko yenyewe, kwa hakika, yako upande wake. Watu wengi hukumbuka mwanzo wa kitabu cha Ayubu, pale Ayubu anapopoteza mali na watoto na kulibariki jina la Bwana. Hunukuliwa katika misiba yetu yote. Wachache hukumbuka kwamba sura zinazofuata ni malalamiko matupu, makali hata ya kutisha, na kwamba rafiki zake ndio wanaosema lugha ya wacha Mungu: kwamba Mungu hakosei, na kwamba bila shaka kuna sababu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia rafiki hao, akisema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Tungeomba katekista wetu wote waisome sura hiyo ya mwisho kabla ya kwenda msibani.

Je, basi shukrani haina nafasi katika tukio kama lile? Inayo, na aliyetuonyesha ni mjane mwenyewe, yaani mume wa marehemu, mkulima asiyesoma zaidi ya darasa la saba. Siku ya kuanua matanga alisimama kutoa shukrani kama ilivyo ada. Hakutumia maneno yaliyozoeleka. Aliwataja kwa majina wale vijana wanane walioshika machela, mmoja mmoja, akasema nani aliteleza akaumia goti, na nani aliivua koti yake akamfunika mgonjwa. Akamtaja mkunga. Akamtaja jirani aliyekuwa na mtoto mchanga, ambaye tangu siku ile alikuwa akimnyonyesha na yule yatima. Kisha akasema kwamba anamshukuru Mungu kwa miaka tisa aliyokaa na mke wake, na kwa mtoto. "Kwa habari ya daraja," akamaliza, "sina la kumshukuru Mungu. Hilo tutaulizana wenyewe." Akaketi. Mmoja wa wale wanane aliowashukuru alikuwa mjumbe wa kamati ya michango.

Hatujapata kusikia, kanisani wala chuoni, mafundisho yaliyo wazi zaidi juu ya shukrani. Mtu yule alipima. Alitenga jema na baya, akashukuru kwa jema lote asibakize hata goti la kijana, na kwa baya akakataa kutoa asante. Aidha, hakuruhusu baya lile limnyang'anye jema. Hapo ndipo wengi wetu tushindwapo, wengine kwa kushukuru ovyo, wengine kwa kutoshukuru kabisa. Katika Injili ya Luka wakoma kumi waliponywa na mmoja tu akarudi kushukuru, naye alikuwa mgeni, Msamaria. Twawalaumu wale tisa. Lakini yamkini walikuwa na hasira halali kwa miaka yao iliyopotea nje ya kijiji, na hasira ile haikuwaachia nafasi ya kugeuka nyuma.

Kuna jambo jingine tuliloambiwa na mjane huyo tulipomtembelea miezi kadhaa baadaye. Tulimwuliza kama bado anamtumaini Mungu. Swali lilikuwa la kijinga kidogo, nasi tulilijua, ila tulitaka kusikia. Alijibu kwamba kwa muda wa miezi miwili hakuweza kusali. Jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wao ilihamishia sala zake uani kwake kila juma bila kumwomba ruhusa. Walikaa, wakasoma, wakasali, yeye akikaa nao bila kufungua kinywa. "Wazee," alisema, "wamenisalia kwa kupokezana, kama watu wa machela."

Wasomaji wajuao habari za Kanisa watakumbuka kwamba jumuiya hizi ndogo ziliingizwa na maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, na kwamba zililingana vizuri na moyo wa vijiji vya wakati ule. Zimelaumiwa kwa mengi: michango mingi, maneno mengi, na watu kuchunguzana. Lawama hizo si za bure. Hata hivyo jibu la mjane lilitufundisha kwamba tumaini si lazima liwe mali ya moyo wa mtu mmoja, apungukiwe au aongezewe kama akiba ya benki. Kwa Mkristo wa Uluguru tumaini ni la jamaa. Mmoja akichoka, wenzake humshikia. Hujambo ya mtu mmoja hujibiwa hatujambo. Na aliyeulizwa habari zake peke yake hujibu kwamba "tunamshukuru" Mungu, wala si "namshukuru". Twadhani wingi huo si ajali ya sarufi.

Kwa sababu hiyo hatuoni ugomvi kati ya tumaini la namna hii na juhudi ya kuibadili dunia. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa kila ilipowezekana, aliwaambia masista wa Maryknoll jimboni New York, mwezi Oktoba 1970, kwamba Kanisa halina budi kushiriki katika kuipinga mipango ya kijamii inayowafunga watu katika umaskini. Vinginevyo litakuwa upande wa dhuluma. Bibi mtani wa kijiji chetu hakuisoma hotuba hiyo, ila aliihubiri kwa mti mmoja uliolazwa njiani.

Tumezungumza mno juu ya msiba. Shukrani ya kila siku ina sura ya furaha pia, na ingekuwa dhuluma kuiacha. Katika makanisa ya Kilutheri mjini Morogoro na kwingineko, baada ya ibada, sadaka za mazao hupigwa mnada nje ya kanisa: kuku aliyefungwa miguu, mayai katika kikapu, mua, papai, debe la mahindi. Anayeuza huchekesha watu, na mayai matano huweza kuuzwa kwa bei ya kuku. Mara nyingi aliyenunua humpa kile alichonunua mzee asiyejiweza, au hukirudisha kiuzwe tena, hata papai moja likazunguka mara tatu likizidi thamani kila mara. Mwanauchumi atasema kwamba hii si biashara. Hasa! Papai limeacha kuwa bidhaa, limekuwa njia ya watu kushukuru mbele ya wenzao. Hatari yake ni majivuno. Sisi tuliwahi kuinadi nazi moja mpaka bei isiyo na akili, na kwa kusema kweli hatukuwa tukimfikiri Mungu bali shemeji yetu aliyekuwa upande wa pili akishindana nasi. Nazi ilikuwa mbovu.

Tukirudi milimani, kuna shukrani nyingine ambayo taifa zima linadaiwa. Mto Ruvu huanzia Uluguru, na maji yake husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, iliyojengwa mwaka 1976, ndipo yafike Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto kupungua, mji ule uligawiwa maji kwa zamu, na watu wakaamka usiku kukinga ndoo. Misikitini na makanisani paliombwa mvua. Ilikuwa sawa kuomba. Lakini ni wangapi, bomba lilipotoa maji tena, walimkumbuka mkulima wa Kinole au Kibungo ambaye hakuikata miti ya kando ya kijito, ingawa alihitaji shamba? Msitu wa milima hii umewekewa mipaka tangu enzi ya Wajerumani, na tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Huko Kibungo Juu ulijaribiwa mpango wa mashirika ya CARE na WWF wa kuwalipa wakulima ili watunze ardhi inayolisha mto. Wako waliouliza kama si aibu kumlipa mtu kwa kutunza amana ya Mungu. Sisi twaona kwamba aibu ni kunywa bila kuuliza maji yametoka wapi. Asemaye kwamba anamshukuru Mungu kwa mvua, kisha akapuuza kijito na mtu anayekitunza, amemrukia Mungu na kuwaacha wale waliotumwa naye. Yule mjane hakufanya hivyo. Aliwataja walioshika machela kwanza.

Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa mto alileta mjadala wa jina. Wakristo wetu huwapa watoto majina kama Shukuru, Tumaini, Neema na Imani. Na watu wale wale, mwaka ukiwa mbaya, huwapa majina kama Tabu, Mashaka na Majuto. Baadhi ya jamaa walitaka jina la shukrani, wengine jina la msiba. Bibi mzaa mama alikataa yote mawili. Alisema kwamba mtoto hakuja duniani kuwa kumbukumbu ya siku moja, akampa jina la mama wa ukoo aliyetangulia, kwa desturi, na padre akaongeza la mtakatifu siku ya ubatizo.

Daraja lilijengwa kiangazi cha pili. Waliokuwa katika kamati ya kwanza walirudisha sehemu ya fedha, iliyobaki ikachangwa upya, na mawe yakabebwa na watu wote, Wakristo kwa Waislamu. Siku ya kulifungua tulialikwa. Katekista alisimama kwenye mwanzo wa daraja, akafungua kitabu ili aanze sala ya shukrani. Bibi mtani, safari hii akiwa katika khanga zake nzuri, akamshika mkono kwa adabu na kuomba hesabu isomwe kwanza. Hesabu ikasomwa na karani wa kijiji: mifuko ya saruji, nondo, mbao, posho ya fundi, mpaka shilingi zilizobaki na jina la anayezitunza. Watu walisikiliza kimya, wengine wakihesabu kwa vidole. Karani alipokunja karatasi, bibi akamwachia katekista mkono, akasema: "Haya baba, sasa tusali."